Makaburi ya Wazee wa Frere Town: Mazungumzo ya Kikundi cha Ukoo

Shangazi: Shikamoo Baba, na ninyi wengine hamjambo. Nimepita makaburini asubuhi hii nikakuta lori limemwaga kifusi upande wa mashariki, palepale ambapo marehemu Mama alikuwa akitukataza kukanyaga tulipokuwa watoto. Nilipomuuliza dereva, alinijibu kwa upole kwamba aliambiwa pale hapana makaburi, kwa sababu hapana msalaba hata mmoja.

Babu: Marahaba, binti yangu. Dereva huyo simlaumu, kwa maana hata ramani tuliyoichora sisi wenyewe kwa ajili ya maombi ya kuhifadhi eneo hili imezungushia mawe yenye majina tu. Wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, walipoanzisha Frere Town hapa Mombasa mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, watu waliokuja kuujaza mji huu walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza, na wengi wao hawakuwa na jamaa wa kuwachongea jiwe. Babu yangu alinionyesha makaburi yao kwa kidole: kipande cha tumbawe kichwani, kipande kingine miguuni, na katikati ardhi iliyodidimia kidogo. Hao ndio walioujenga mji, nasi tumewaacha nje ya mstari wa ramani.

Binamu: Shikamoo Babu. Nilikuwa nimepanga kuwaleta vijana Jumamosi tufyeke nyasi zote na kuyasugua mawe yang'ae, ili wakaguzi wakifika waone kwamba mahali hapa pana wenyewe. Je, tuendelee?

Baba Mdogo: Mwanangu, nia yako ni njema, lakini nakuomba usubiri. Mimi ni mwashi, na nimeyaona makaburi yaliyoharibiwa na watu waliokuja kuyatengeneza. Fyekeo likipita karibu na tumbawe la zamani linalimega, na kipande kikishang'oka hakuna atakayejua kilisimama wapi. Brashi ya waya huondoa herufi pamoja na kuvu, kwa hiyo tutatumia maji matupu na brashi laini. Saruji ndiyo mbaya zaidi, kwani hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe lililozoea kupumua kwa chokaa, na baada ya miaka michache uso wa jiwe hubanduka kama ganda. Penye ufa tutatia chokaa na mchanga, na pasipo na ufa tusiguse kitu.

Dada Mkubwa: Nakubaliana na Baba Mdogo, nami naongeza jambo la kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeweka makaburi chini ya serikali za kaunti, ilhali kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali kuu, na kwa hiyo tunahitaji barua mbili, moja ya kaunti na nyingine ya Makavazi ya Kitaifa. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, Waziri hutangaza eneo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa muda wa kulileta. Mpaka utakaochapishwa humo ndio utakaotulinda. Tukipeleka ramani ya mawe yenye majina peke yake, tutakuwa tumempa mwenye lori haki ya kumwaga kifusi chake.

Shangazi: Maneno hayo yamenichoma moyo, kwa sababu ni kweli. Kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, tunalijua sote, na hapo pana mnara wa ukumbusho. Sisemi mnara huo si haki yake, kwani naye alizikwa ugenini pamoja na kitoto chake kichanga. Nasema tu kwamba waliotolewa majahazini nao walizikwa ugenini.

Babu: Basi tuchore upya. Binamu, walete hao vijana Jumamosi, lakini waje na kamba, vigingi na simu zenye kamera. Wafike jua linapochomoza, maana mwanga wa ubavuni huonyesha herufi zilizofutika na mabonde yaliyodidimia, ambayo saa sita mchana huwezi kuyaona kabisa. Kila tumbawe lipewe namba na lipigwe picha mahali lilipo bila kuinuliwa. Nitaletewa kiti nikae upande wa mashariki, nionyeshe nilichoonyeshwa.

Dada Mkubwa: Nitakuja na daftari niyaandike maneno yako jinsi utakavyoyatamka, Babu, ili yaambatanishwe na ramani kama ushahidi wa mzee wa mahali.

Baba Mdogo: Kifusi je, dada? Kisiondolewe kwa trekta, kwani magurudumu yatayavunja mawe yaliyo chini yake.

Shangazi: Nimekwisha kuzungumza na dereva. Amekubali kukiondoa kesho saa mbili asubuhi kwa sepetu na karai, na ameomba mmoja wetu awepo amwonyeshe pa kukanyaga. Mimi nitakuwepo, ila nahitaji mwenzangu.

Binamu: Nitakuwepo, Shangazi.