Mjadala: Ukali wa asali ya Manuka unatoka ardhini, mtini au ghalani?

Kasuku wa Ghala:
Wakuu, chupa ya Manuka yenye UMF 5+ (UMF ni namba ya lebo inayopima ukali wa asali dhidi ya bakteria) na ile yenye UMF 20+ zinatofautiana bei kama mbuzi na ng'ombe. Muuzaji akibanwa aeleze, wimbo ni ule ule: hii imetoka milima ya mbali ya New Zealand, hewa safi, udongo usioguswa. Nasema maneno hayo yapigwe marufuku kwenye lebo. Nekta ya mti wa Manuka (*Leptospermum scoparium*) ina dihidroksiasetoni, kwa kifupi DHA. Ikishaingia kwenye asali, DHA inageuka polepole kuwa methiliglioksali, yaani MGO, na hiyo ndiyo inayoua bakteria. Mwaka 2008 maabara ya Thomas Henle huko Dresden na watafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato waliitaja MGO, kila upande kivyake. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba chimbuko lake ni DHA ya kwenye ua. Sasa hapo hewa safi inaingilia wapi? Anayepinga alete hoja.

Mkaa Porini:
Mkuu, umemfukuza mwizi ukavunja na mlango. Muuzaji anadanganya, sawa, lakini mazingira yana mkono mrefu kwenye namba hiyo.

Kwanza majirani. Nyuki haendi kwa mti mmoja kwa heshima ya lebo. Manuka inachanua wiki chache tu, na pembeni yake kuna klova ya malishoni, kamahi, na zaidi ya yote kanuka (*Kunzea*), ambayo inafanana nayo mpaka chavua zao huzitofautishi kwa darubini. Hizo hazina DHA. Piga hesabu: kilo 100 za asali yenye DHA 1,600 mg/kg zikichanganyika na kilo 60 za klova, unabaki na kilo 160 zenye 1,000 mg/kg. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyechakachua, na daraja limeshashuka.

Hapo ndipo udongo mbovu unapopata sifa. Manuka ni mti wa kutangulia: unashika miteremko iliyomomonyoka, ardhi chachu, vinamasi, mahali ambapo klova haistawi. Mzinga uliowekwa katikati ya kichaka kama hicho unaleta asali isiyozimuliwa. Kwa hiyo "ardhi duni" inasaidia, lakini kwa kuwafukuza majirani, si kwa kuutia mti dawa.

Pili ni hali ya hewa wakati wa maua. Baridi na upepo vikizidi nyuki hawatoki, na wiki mbili za mvua zinaweza kula nusu ya msimu. Wanaporudi kazini Manuka imepukutika na klova ndiyo imefungua duka.

Mizani:
Nakubaliana na Mkaa kuhusu majirani, ila kuna kitu kikubwa zaidi ambacho nyote mmekiruka: uzao wa mti wenyewe. Miti miwili ya Manuka iliyo hatua kumi kutoka kwa kila mmoja inaweza kutofautiana sana kwa DHA. Na miche ya nasaba mbalimbali ikikuzwa bega kwa bega, udongo ule ule na maji yale yale, tofauti haifutiki. Kama udongo ndio ungekuwa mwenye neno la mwisho, miche hiyo ingelingana.

Northland, vinamasi vya Waikato na East Cape vina jina la asali kali. Watu wanasema "mahali". Mimi nasema mahali hapo pana miti ya aina yake. Ile ya kaskazini ya mbali yenye maua ya waridi inajulikana kwa DHA nyingi. Hamisha mbegu, umehamisha sehemu kubwa ya sifa. Ndiyo maana tangu 2011 serikali ya New Zealand na wenye biashara waliweka fedha katika mashamba ya Manuka ya kupandwa, kwa mbegu zilizochaguliwa.

Anayetaka kupima asitazame miligramu za DHA kwenye tone la nekta, atadanganywa na mvua. Funika tawi kwa chandarua saa 24 nyuki wasifike, vuta nekta kwa bomba jembamba, kisha tafuta uwiano wa DHA kwa sukari yote. Umande na mvua huongeza maji tu, uwiano haubadiliki. Pima miti mingi, maana mti mmoja ni shahidi wa nafsi yake.

Mkaa Porini:
Mizani, mti ule ule ukiupima misimu miwili hautoi jibu lile lile. Vipimo vya nekta huko New Zealand vimeonyesha tofauti za mkoa, za mwaka na za mti mmoja mmoja. Nasaba inaweka dari, msimu unaamua utafika wapi chini ya dari hiyo. Na shamba la mbegu bora lililozungukwa na malisho ya klova linarudi kwenye hesabu yangu ya kilo 160.

Mizani:
Neno la dari nalipokea. Lakini basi tuseme wazi kwamba "mazingira" ni jirani na hali ya hewa, tuache hadithi ya wauzaji kuhusu madini ya volkano.

Pipa la Pili:
Mnabishana kuhusu ua, na namba iliyoandikwa kwenye chupa imetengenezwa ndani ya pipa. Asali ya Manuka iliyorinwa leo ina DHA nyingi na MGO kidogo. Ukiipima wiki hiyo na kuiuza kwa MGO peke yake umejipunja mwenyewe; vipimo vya DHA na MGO lazima vitembee pamoja, na cha tatu ni HMF, alama ya asali iliyopikwa au kuzeeka.

Ugeuzi wenyewe hauhitaji nyuki wala kimeng'enya. Molekuli ya DHA inapoteza maji na kuwa MGO. Uzito wa DHA ni 90, wa MGO ni 72, kwa hiyo hata mambo yakienda kikamilifu DHA 1,000 mg/kg haiwezi kuzaa MGO zaidi ya 800. Na hayaendi kikamilifu, kwa sababu DHA na MGO zote mbili hujibizana na asidi amino na protini za asali zikapotelea humo. Anayekuahidi zaidi ya kiasi hicho ama hajui hesabu, ama ameongeza DHA ya kiwandani. Udanganyifu huo umeshawahi kufikishwa mahakamani New Zealand.

Sasa kosa la kawaida. Mtu anaona ugeuzi unachukua miezi, anapandisha joto la ghala. MGO inapanda kweli. Pamoja nayo inapanda HMF, na kikomo cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, ni 40 mg/kg (asali iliyotangazwa kuwa ya nchi za joto inaruhusiwa 80). HMF haishuki tena. Unakuwa na pipa lenye namba nzuri ya MGO lisiloruhusiwa kuingia sokoni. Mwenye subira huacha mapipa kwenye joto la wastani, anachukua sampuli kila baada ya miezi michache, na anasimama kabla HMF haijamkaribia. Kosa la upande wa pili ni kukaa mno: DHA ikiisha hakuna cha kulisha MGO, nayo huanza kushuka.

Hata ukamuaji una mtego wake. Asali hii ni nzito kama jeli, haitoki kwenye sega kwa kuzungushwa tu. Masega hupitishwa kwanza kwenye mashine yenye sindano za kuitibua ndani ya vitundu. Mvivu wa hatua hiyo hupasha moto, na tumesharudi kwenye HMF.

Muuguzi wa Zamu:
Naona MGO inapanda na kushuka, mgonjwa hatajwi. Peter Molan wa Waikato, aliyeanza kuichunguza Manuka miaka ya 1980, alipima ukali wake kwa kuulinganisha na fenoli, dawa ya kuulia vijidudu, dhidi ya bakteria *Staphylococcus aureus* kwenye sahani ya maabara. UMF 10 ina maana ya nguvu sawa na fenoli ya 10%. Sahani si kidonda.

Asali yoyote nzuri ina sukari nyingi, uchachu na hidrojeni peroksaidi. Kidonda kina kimeng'enya kiitwacho katalasi kinachovunja hiyo peroksaidi, na hapo MGO inapata nafasi kwa sababu haivunjwi na katalasi. Lakini majimaji ya kidonda yanazimua kila kitu. Kwa hiyo kiasi na ufungaji vina uzito kuliko kugombania 15+ au 20+: kama mililita 20 kwa kitambaa cha sentimita 10 kwa 10, asali iloweshwe kwenye kitambaa badala ya kumwagwa juu ya kidonda, juu yake kifunikwe kisivuje, na kibadilishwe kila siku kidonda kikiwa kinatoa maji mengi.

Asali hiyo iwe ya hospitali, iliyotakaswa kwa mionzi ya gama, ambayo haiharibu nguvu yake kama joto. Ya mezani inaweza kubeba mbegu za bakteria. Mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali yoyote, iwe na namba gani. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, yaliona asali inasaidia majeraha ya moto yasiyo ya kina na vidonda vya upasuaji vilivyoambukizwa. Kwa vidonda vya kisukari ushahidi haukutosha.

Bint Lushoto:
Samahani wakuu, swali la mkulima. Usambara kuna baridi na miteremko. Tukipanda Manuka huku?

Mkaa Porini:
Dada, usijaribu. Mti huo umeshakuwa gugu vamizi Hawaii, na ndugu yake *Leptospermum laevigatum* amewasumbua sana watu wa Cape, Afrika Kusini. Halafu hata ukistawi, nyuki wa Usambara ana maua mengi ya kuchagua. Utapata asali nzuri ya Usambara yenye Manuka ya kunusa tu.

Wakili Mkaidi:
Kama Mizani ana haki kwamba mbegu ndiyo yenye neno kubwa, jina la Manuka linasimama juu ya nini? *L. scoparium* ni mti wa asili wa Tasmania, Australia, pia, na *L. polygalifolium* wa New South Wales na Queensland huko huko Australia una DHA ya kutisha. Mei 2023 ofisi ya hakimiliki ya New Zealand yenyewe ilikataa kulisajili jina hilo kama alama ya nchi hiyo peke yake. Uingereza ilikuwa imeshakataa 2021.

Mizani:
Kwa kemia, Australia wana hoja. Kwa lugha, neno ni la Kimaori, na Wamaori wanalihesabu kuwa urithi. Hayo mawili hayapimwi kwa mzani mmoja. Na angalia kipimo cha serikali ya New Zealand cha 2018: kemikali nne na DNA moja ya kuthibitisha kuwa hii ni Manuka, kwa mfano asidi ya 3-fenililaktiki isiyopungua 400 mg/kg kwa ile ya ua moja, yaani iliyotoka hasa kwenye maua ya Manuka. MGO haimo. Asali inaweza kuwa Manuka halali kabisa na ikawa dhaifu.

Kasuku wa Ghala:
Hilo la mwisho limenigusa, na jirani wa Mkaa nimemkubali. Basi narekebisha: mkoa uandikwe, mlima usisifiwe. Mnunuzi aangalie nini pale dukani?

Pipa la Pili:
MGO kwa mg/kg, maana "20+" bila kutaja ya nini ni pambo. UMF 5+ ni MGO 83, 10+ ni 263, 15+ ni 514, 20+ ni 829. Kisha tarehe ya kipimo na namba ya fungu. Akikuta "MGO 829" na kipimo cha miaka minne nyuma, chupa imekaa dirishani juani, arudishe mkono mfukoni.

Mkaa Porini:
Na mkoa uandikwe pamoja na mwaka wa kurina. Northland bila mwaka ni nusu ya habari.

Mizani:
Mwaka sawa. Mkoa bado nabisha.