Je, bangi inayostahimili mbolea nyingi huirithisha sifa hiyo kwa mbegu zake?

Mkulima wa Ontario: Wanajukwaa, salaam. Huku Kanada, ambako tangu Oktoba 2018 sheria ya shirikisho inaruhusu mimea 4 ya bangi kwa kaya, nina mimea miwili ya kike iliyotoka katika pakiti moja ya mbegu na inayonyweshwa maji yaleyale ya mbolea. Mmoja umeungua ncha, na majani yake, yenye kijani kilichokolea mno, yamejikunja kuelekea chini mithili ya kucha. Wa pili hauna hata doa. Nikiuchavusha huu wa pili, je, watoto wake watastahimili vivyo hivyo?

Bustani ya Ndani: Ndugu, pima kwanza ukali wa chumvi katika maji yanayochuruzika chini ya kila chungu. Chumvi za mbolea hupanda na maji hadi mwisho wa jani, na maji yakishatoka kama mvuke zenyewe hubaki pale, ndiyo maana ncha hutangulia kuungua. Chungu kinachotuamisha maji, au kilichokaa karibu zaidi na taa, chatosha kuleta tofauti hiyo. Kipimo cha haki ni vipandikizi: vya mama mmoja vina vinasaba vilevile, hivyo vikiungua popote utakapoviweka, ilhali vya mwenzake haviungui, utajua kuwa tofauti hiyo imo katika vinasaba. Kwa mimea 4, hata hivyo, jaribio hilo halina nafasi.

Mbegu Bora: Nakubaliana, ila neno "kustahimili" nalitilia shaka. Mmea huenda hauungui kwa sababu unafyonza kidogo, au kwa sababu unakua upesi na kukitumia kila ulichofyonza; anayetafuta mavuno humhitaji huyo wa pili tu, na kwa macho hawatofautiani. Tena nusu ya vinasaba vya kila mbegu hutoka kwa dume, ambalo ustahimilivu wake hukuupima, kwa hiyo hukumu hutolewa kwa kupima watoto wengi, si kwa kumtazama mama.

Mkulima wa Ontario: Basi niwachague watoto hao kwa mbolea kali?

Mbegu Bora: Mimi nisingefanya hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph walichapisha mwaka 2021 kwamba, wakati wa kutoa maua, aina waliyoijaribu ilifanya vyema kwa takriban miligramu 194 za nitrojeni na 59 za fosforasi kwa lita, na kwamba kuongeza potasiamu hakukubadili mavuno katika viwango walivyotumia. Ukichagua kwa mbolea inayopita mahitaji, utapata ukoo unaovumilia upotevu. Anza chini ya kiwango cha kawaida, uone ni upi usiogeuka manjano majani ya chini, ambayo ndiyo hunyang'anywa nitrojeni kwanza.