Kozi tatu za fasihi Uingereza: London, kaskazini au kusini?

Binti Pangani (mleta mada)
Wakuu, habari za kazi. Nipo mwaka wa tatu, nasoma fasihi ya Kiingereza kwenye chuo kimoja huku Marekani. Kila kiangazi idara yetu inapeleka wanafunzi Uingereza wakasomee vitabu kwenye maeneo yaliyowapa waandishi mawazo, na masomo yanahesabiwa kwenye shahada. Safari hii kuna kozi tatu, natakiwa kuchagua moja:

A. London, wiki nne. Shakespeare, Dickens, Chaucer. Kila Ijumaa safari ya siku moja: Canterbury, Stratford-upon-Avon, Oxford, Bath.
B. Kaskazini, wiki tatu. Haworth kwa akina Brontë (dada watatu waandishi wa riwaya), Grasmere kwa mshairi Wordsworth, kumalizia Edinburgh. Kutembea kwa miguu ni sehemu ya kozi.
C. Kusini, wiki tatu. Winchester, Chawton na Bath kwa Jane Austen, halafu Dorset kwa Thomas Hardy.

Ruzuku inalipa ada na nauli ya ndege. Chakula na matembezi juu yangu. Pasipoti ya Tanzania. Nikimaliza nataka kurudi nyumbani kufundisha. Jibu la "zote nzuri tu" nimeshapewa na mshauri wangu, jamani, msinirudishie.

Mpangaji wa Southwark
Dada, chukua A. Mimi nakaa huku Southwark, London. Kuna kichochoro kando ya maktaba ya mtaa, watu wanakatiza na kahawa zao mkononi, upande mmoja una ukuta mrefu wa matofali. Huo ndio uliobaki wa gereza la Marshalsea, alikofungwa baba yake Dickens mwaka 1824 kwa sababu ya madeni. Dickens alikuwa na miaka 12, akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu. Ukishasoma *Little Dorrit*, riwaya yake ya gereza hilo, ukuta ule hauupiti hivihivi.

Kutoka hapo unatembea hadi Globe, ukumbi wa michezo ya Shakespeare. Jengo la sasa ni la mwaka 1997, limejengwa karibu na lilipokuwa lile la zamani. Tiketi za kusimama uwanjani ndizo za bei ya chini, ila juu hakuna paa na miavuli hairuhusiwi, kwa hiyo mvua ikinyesha ni yako. Hapo utaelewa kwa nini wahusika wa Shakespeare wanapenda kuzungumza na umati: umati upo miguuni pao, unacheka, unakula.

Mzee wa Leeds
Mwanangu, huyo anatetea mtaa wake, na mimi nitatetea wangu. London ina mambo mengi mno, kitabu kinapotelea humo. Halafu hizo safari za Ijumaa: unashushwa Stratford saa nne, unapanga foleni kwenye nyumba aliyozaliwa Shakespeare, unapiga picha, saa kumi upo kwenye basi. Hiyo ni ziara, siyo kozi.

Haworth ni kijiji kidogo juu ya kilima. Nyumba ya Mchungaji Brontë imepakana na makaburi, ukisimama dirishani unayatazama. Mwaka 1850 mkaguzi wa serikali, Benjamin Babbage, alikuja kuchunguza maji na vyoo vya kijiji. Alikuta wastani wa umri wa kufa ni miaka 25.8, na zaidi ya watoto 4 katika kila 10 walikuwa wanakufa kabla ya kufikisha miaka 6. Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya familia yenyewe: Emily alikufa mwaka 1848 akiwa na miaka 30, Anne mwaka 1849 akiwa na 29, Charlotte mwaka 1855 akiwa na 38. Wasomaji wa leo hulalamika kwamba kwenye *Jane Eyre* ya Charlotte na *Wuthering Heights* ya Emily watu wanakufakufa ovyo. Nenda Haworth ukasome ripoti ya Babbage, malalamiko yatakwisha.

Ndani ya makumbusho omba uonyeshwe vile vitabu walivyotengeneza utotoni. Vinaenea kiganjani, mwandiko mdogo kama wa chapa, unahitaji kioo cha kukuzia. Hicho hakuna picha ya intaneti inayokupa.

Halafu Top Withens, gofu la shamba huko juu nyikani, linalohusishwa na nyumba ya *Wuthering Heights*, kama kilomita 6 kutoka kijijini. Vibao vya njia vina maandishi ya Kiingereza na Kijapani, ujue wageni wanatoka mbali. Na ukifika, bamba lililobandikwa ukutani linakuambia wazi kwamba nyumba hiyo haikufanana na ile ya kwenye riwaya. Huenda Emily alichukua mahali ilipo tu. Profesa mzuri anapata mjadala wa siku nzima hapo.

Kijana wa Nakuru
Mbona C mnaipita kama kituo kisicho na abiria? Nimesoma Southampton, Chawton nimeenda. Nyumba ya Austen ina kimeza kidogo cha mbao, kona 12, kinaweza kubeba karatasi na kidau cha wino basi. Alikaa kwenye nyumba hiyo kuanzia 1809 hadi 1817, na riwaya zake zote sita ama aliziandika ama alizipitia upya akiwa huko. Huko Bath ambako kila mtalii anakimbilia, aliishi miaka kama mitano na hakumaliza riwaya hata moja. Hilo ni swali zuri la utafiti: kwa nini mji ulimnyamazisha na kijiji kikamfungua?

Winchester ukiingia kanisa kuu utakuta kaburi lake. Jiwe linamsifu kwa ucha Mungu na akili, vitabu havitajwi hata kwa neno moja.

Dorset sina la kusema sana, usafiri wa umma ni shida. Bila basi la chuo, nyumbani kwa Hardy utafika umechoka.

Shangazi wa Reading
Watoto mnaongea vitabu, hamjamgusia viza. Binti yangu, sikiliza. Kwa kozi fupi isiyozidi miezi 6 kwenye taasisi inayotambuliwa, unaomba viza ya kawaida ya mgeni, ya kusomea muda mrefu huihitaji. Wenzako wenye pasipoti ya Marekani watapata kibali kwa simu wakiwa kitandani. Wewe utakwenda kutoa alama za vidole, upeleke barua ya chuo, ya ruzuku na taarifa za benki. Anza mapema, usingoje mpangilio wa darasa.

La pili, kurudi Marekani. Hakikisha viza yako ya mwanafunzi ya Marekani, F-1, haijaisha muda na ile fomu ya chuo ya I-20 ina saini ya kusafiri kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. La tatu, Edinburgh ni ndani ya viza ileile, lakini wenzako wakikuvuta "twende Dublin wikiendi", Ireland ni nchi nyingine, inataka viza yake.

Kwa fedha, A itakumaliza. Makumbusho makubwa ya London hayana kiingilio, sawa, ila nauli ya kila siku na chakula cha kununua havina huruma.

Mwalimu wa Dodoma
Mleta mada kasema atarudi kufundisha. Basi jiulize utawapa nini wanafunzi wako. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, akahitimu mwaka 1952, na miaka kadhaa baadaye akatupa *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, tafsiri zake za Shakespeare. Kwa mtu wa kwetu, Edinburgh ya kozi B si kituo cha mwisho cha watalii. Mwombe profesa akuruhusu kuandika kazi yako juu ya hilo.

Ila A ina kitu ambacho hamjakiona: Canterbury. Kila mtu atakuambia Chaucer na hadithi zake za mahujaji wanaokwenda Canterbury. Sawa. Lakini Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari, mshindi wa Nobeli ya 2021, amefundisha Chuo Kikuu cha Kent palepale. Riwaya yake *Pilgrims Way*, ya mwaka 1988, ina kijana Mtanzania anayefanya kazi hospitalini kwenye mji huo. Jina la riwaya linakumbusha njia ya mahujaji wa Canterbury, kama wale wa Chaucer. Fasihi ya Kiingereza iliyozaliwa Uingereza kwa jicho la mtu wa Pwani ni hiyo, na sioni kozi hata moja kati ya hizo iliyomtaja.

Mpangaji wa Southwark
Mwalimu umenipa silaha. Mahujaji wa Chaucer walianzia Southwark kwangu, kwenye nyumba ya wageni ya Tabard. Imeshabomolewa, kimebaki kibao tu. Na Canterbury kwa treni ya haraka kutoka St Pancras ni kama saa moja.

Binti Pangani
Asanteni sana, shikamoo kwa wakubwa. Gurnah sikumfikiria kabisa kwenye hesabu hii, nimeshamwandikia profesa. Naelemea B. Mzee, maswali mawili: mvua, na chakula cha halali. Mimi ni Mwislamu na sitaki kuishi kwa biskuti.

Mzee wa Leeds
Marahaba. Halali usiwe na wasiwasi upande wa Haworth: Keighley na Bradford zimejaa Wapakistani, buchani na mgahawani utachagua. Grasmere ndiko kugumu, utakula mboga na samaki. Na uwe unauliza chipsi na samaki vimekaangwa na nini, Yorkshire wengi bado wanatumia mafuta ya ng'ombe.

Mvua ni kweli. Seathwaite, si mbali na Grasmere, inapata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Dar haifikishi nusu yake. Nunua viatu vya kupandia mlima huko huko Marekani, uvivae vizoee mguu kabla hujaja. Raba za mjini hazifai.

Kijana wa Nakuru
Haya, nimeshindwa kwa kura. Ila soma *Persuasion* ya Austen kwenye ndege.

Binti Pangani
Profesa amejibu. Kasema nichukue B, na nikibaki wikiendi moja Canterbury kwa gharama yangu nikaandike juu ya Gurnah, atahesabu kama mradi wa kozi.

Shangazi wa Reading
Vizuri. Sasa mwambie aandike tarehe za hiyo wikiendi kwenye barua ya viza, na wewe uweke fedha yake kwenye taarifa ya benki kabla hujajaza fomu. Ukipita Reading, kitanda kipo.