Tupeane uzoefu: uliyefiwa na mzazi ukiwa mdogo, ulilia lini?

Wakuu, nimeangalia Estiu 1993, filamu ya Kikatalani ya mwaka 2017. Frida ana miaka sita, baba alishatangulia, sasa mama naye amefariki kwa UKIMWI. Anatolewa Barcelona kwenda kulelewa na mjomba kijijini. Mwongozaji, Carla Simón, ametoa humo maisha yake mwenyewe.

Frida halii. Anampelekea mama yake sigara kwenye sanamu ya Bikira Maria. Anajipaka rangi usoni, anajilaza akiigiza mama aliyechoka. Anamwacha binamu yake mdogo porini, mtoto anavunjika mkono. Wakubwa wanaona utundu tu. Hadi usiku mmoja wanarukaruka kitandani kwa vicheko, ghafla kilio kinamtoka, na akiulizwa sababu hana.

Mimi ni wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, kwa hiyo kina Frida nimekua nao. Mama alipofariki niliambiwa amesafiri. Sikulia msibani, nikasifiwa. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, shangazi akamwaga ungo tunyonyoe mabawa. Mama alikuwa ananitengea wa kijani. Nililia hadi majirani wakaja wakidhani nimeungua moto.

Wengine mlikuwaje?

*

Pole mkuu. Mimi wazee waliniambia pale pale kaburini, "Usilie, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Nilikuwa darasa la tatu! Nikayabeba. Nilikuja kulia siku naanza kunyoa ndevu, sina wa kuniuliza wembe unashikwaje. Jamani, tuache kuwaambia watoto maneno hayo.

*

Naongea kama mlezi. Dada yangu aliacha wawili. Wa kwanza alianza kukojoa kitandani na kumfinya mwanangu. Watu wakasema kiburi, mpeleke bweni. Nikakataa. Alikuwa analala na khanga ya mama yake, hataki ifuliwe, nami sikuifua. Siku moja tunachambua mchele akaniuliza, "Mama alikuwa anachekaje?" Nikamwigizia. Akacheka, akalia, akala vizuri usiku ule. Tangu hapo huwa tunamtaja marehemu mezani kama kawaida.

Huyu wa pili ana miaka 13, kimya kabisa, na shuleni anaongoza. Aliyelea wa umri huo aniambie alianzia wapi.