Inga ya tatu italeta umeme Lubumbashi, au nyaya zitapita tu juu ya watu?

Mama wa Katuba
Ndugu zangu, nina kinu cha kusaga mahindi hapa Katuba, Lubumbashi. Jumanne iliyopita umeme ulikatika asubuhi na mapema, ukarudi watu wamekwisha kulala, na wateja walikuwa wamebeba ndoo zao kwenda kwa jirani mwenye jenereta. Tangu Juni 2025, Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 250 za kuanzia maandalizi ya Inga ya tatu, bwawa jipya la umeme kwenye Mto Kongo, naambiwa nisubiri kidogo tu. Lakini Inga mbili za kwanza zipo tangu utoto wangu. Hii ya tatu itatufaa nini?

Fundi wa Kenya (komini, si nchi)
Mama, shida haianzi kwenye bwawa, inaanza njiani. Laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, ilikamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi ya shaba. Inabeba umeme wa mkondo mnyoofu, ambao hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida. Unahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, na vituo hivyo vilijengwa viwili tu, kimoja kila mwisho. Ndiyo maana kuna watu wanaolima chini ya minara hiyo na jioni wanawasha koroboi. Tena Inga ya kwanza, ya megawati 351, na ya pili, ya megawati 1,424, zimekaa miaka mingi baadhi ya mitambo yake ikiwa imesimama kwa kukosa matengenezo.

Mjukuu wa Inga
Mimi naishi Lubumbashi, lakini babu yangu alizaliwa kule Inga. Familia zilizoondolewa kupisha mabwawa ya kwanza bado zinadai fidia, na sasa linatajwa bonde la Bundi, ambako watu wanalima. Kila mjadala wa megawati unapoanza, wao hutajwa mwishoni, kama wanatajwa.

Mwalimu Mstaafu
Pole, mjukuu wangu. Dai hilo ni la haki. Hata hivyo sikubali kwamba bwawa kubwa ni baya popote lilipo. Bwawa la Kariba, kwenye Mto Zambezi, liliwahamisha Watonga wapatao 57,000 kwa sababu lilihitaji ziwa kubwa mno; Mto Kongo unavuka ikweta mara mbili, kwa hiyo mvua ya upande mmoja inapopungua, ya upande wa pili inaujaza, na Inga inaweza kufanya kazi bila ziwa la namna ile. Anayepinga bwawa aangalie pia misitu ya miombo inayokatwa kuizunguka Lubumbashi ili sisi tupate makala, yaani makaa, ya kupikia bukari, ugali wetu. Ugomvi wangu uko kwenye foleni: kwa mkataba wa mwaka 2013 Afrika Kusini iliwekewa megawati 2,500, migodi nayo inangoja zake, na mwaka 2016 Benki ya Dunia hiyo hiyo ilisimamisha fedha zake baada ya kutoelewana na serikali ya Kongo. Kinu cha Mama kimeandikwa ukurasa gani?

Mama wa Katuba
Asante, Mwalimu. Fundi, nina swali moja tu limebaki: transfoma ya mtaa wetu imefungwa kwa mpira wa tairi tangu Pasaka. Hiyo nayo inangoja Inga?

Fundi wa Kenya
Hapana, Mama. Hiyo inangoja vipuri tu.