Bakapu kijani wiki 11, kumbe inabeba nodi moja tu! Wauzaji wa programu hizi mnatufanya mabwege

Wakuu, tangu juzi sijalala, kwa hiyo nikiandika kwa jazba mnivumilie.

Ofisini tuna mtambo wa kuhifadhia mafaili, nodi 2 (yaani mashine mbili) ndani ya klasta moja, zinafanya kazi kama mtambo mmoja. Tukanunua programu ya bakapu (kampuni siitaji, uzi usije ukafutwa), fundi wao akaja kuiseti mwenyewe siku nzima, chai na chapati juu yetu. Tangu hapo kila asubuhi nikifungua skrini: kijani. Bosi akiuliza, namwambia kijani.

Jumanne dada wa uhasibu kaja, folda ya mishahara ya Machi haionekani, kuna mtu aliifuta mwezi jana. Nikamjibu kwa maringo, "Nipe dakika 5." Naingia kwenye tepu, voliumu ya uhasibu (lile fungu la diski lenye mafaili yao) haimo! Ya mwisho ni ya wiki 11 nyuma, hesabu za Machi zilikuwa hazijafungwa.

Kumbe yule bwana aliielekeza programu kwenye anwani ya nodi ya kwanza, NDMP (lugha ambayo programu ya bakapu inaongea na mtambo wa mafaili) mlango 10000, akachagua "voliumu zote". NDMP ikiwa kwa mtindo wa nodi, "zote" maana yake ni zilizokaa kwenye nodi hiyo tu. Mimi nikaja kuihamishia voliumu ya uhasibu nodi ya pili, diski za nodi ya kwanza zilikuwa zinajaa. Watumiaji hawakuhisi chochote, ndiyo raha ya klasta. Programu nayo haikuhisi chochote! Ikabeba zilizobaki, ikawasha kijani. Hata kanjano kadogo, wakuu?

Na dawa ipo, ndicho kinachoniuma. NDMP unaiwasha kwenye seva pepe ya klasta, programu inaongea na klasta nzima, na pande zote mbili zikiijua CAB (nyongeza ya NDMP ya kuitambua klasta), programu inajua yenyewe voliumu iko nodi ipi na tepu iko nodi ipi, uhamishe usihamishe. Programu yao inaijua, imo kwenye mwongozo wao wenyewe! Mimi ndiye nimeiseti upya usiku wa jana. Paswedi ya NDMP peke yake imenila masaa matatu, maana si ile unayoingilia kwenye mtambo, ni ndefu inayotolewa na mtambo wenyewe, na ukiweka ya kawaida unakataliwa bila maelezo.

Nimempigia fundi. "Kwani bro hamna snapshoti?" Yaani nakala za papo hapo ndani ya mtambo wenyewe. Zipo, za siku 14, na zimekaa kwenye diski zilezile. Chumba kikishika moto nirudishe nini, majivu?

Naandika hapa levo 0 (bakapu kamili) ya voliumu zote ikiwa asilimia 22. Dada wa uhasibu anaichapa Machi upya kutoka kwenye makaratasi, salamu yangu haitikii. Na mchana huu wametutumia ankara: "ushauri kwa njia ya simu".