Kioo cha mbele cha Beetle ya 1966: mkanda unaong'aa unanishinda

Kikwajuni66

Assalaam alaykum nyote.

Nina Volkswagen Beetle ya 1966, injini 1300, ya marehemu baba. Inalala uani kwetu Kikwajuni chini ya mshelisheli. Kila Ijumaa baada ya sala naiwasha, nakwenda nayo mpaka Maisara, narudi. Basi. Mwezi uliopita usiku kukavuma upepo, shelisheli likang'oka na kikonyo chake, likatua katikati ya kioo cha mbele. Kioo hakikumwagika, kilifanya utando wa buibui tu, maana ni kile cha tabaka mbili chenye plastiki kati. Shelisheli lenyewe mama alilitia nazi asubuhi yake.

Kioo chengine nimekipata Dar, kikavuka na boti ndani ya godoro la mtoto, nami nimekikumbatia njia nzima kama nimebeba trei ya mayai. Mpira mpya nimeagiza nje na umefika. Ni ule wenye mfereji wa ziada wa kupokea mkanda wa aluminiamu, maana gari yangu ni Deluxe, ile yenye urembo wa kung'aa.

Kikwazo ndio huo mkanda. Fundi vioo mmoja alikuja, akatazama, akasema: "Hii tunapiga gundi, huo urembo tupa." Kazoea gari za siku hizi ambazo kioo hugandishwa moja kwa moja kwenye bodi. Mama akajibu toka jikoni: "Sasa hiyo si itakuwa kama mtu kanyolewa nyusi?" Fundi akaenda zake.

Juzi mie na mpwa wangu tukaamua kufanya wenyewe. Tukavisha mpira kwenye gari, tukaupaka mafuta ya nazi, tukawa tunasukuma kioo kutoka nje. Saa mbili nzima! Kona ya juu ikiingia, ya chini inatoka. Tukakiweka kioo pembeni tukajaribu mkanda peke yake, ukakunjika pale pale kwenye kona kama kopo la soda. Nimeunyoosha kwa dole gumba lakini kovu linaonekana.

Sasa nauliza: mkanda unaingia kabla ya kioo au baada? Na je, nizungushie silikoni maji yasipite? Maana tangu zamani mvua ikinyesha zulia la miguuni linaroa, na linanuka.

PakaRangi_Bububu

Kaka, mafuta ya nazi ni ya pweza. Mpira ukishiba mafuta unavimba na kulegea. Uoshe wote kwa sabuni leo hii.

Halafu kabla ya lolote hakikisha kioo ni chake. Beetle kuanzia modeli ya 1965 kioo cha mbele ni kikubwa kidogo na kimepinda kidogo, za nyuma ya hapo kiko bapa. Muuzaji akikwambia "vyote vya Beetle hivyo", usimwamini, kilaze juu ya meza uone.

MzeeWaBisibisi (Chake Chake)

Wa alaykum salaam mwanangu. Mie nimeshaacha kazi, mkono unatetemeka, lakini hili la mpira na kamba naweza kukuelekeza hata gizani.

Umeanzia mwisho. Mpira hauvishwi gari, unavishwa kioo.

Ila hata hapo hatujafika bado. Hilo zulia linalonuka linakwambia jambo. Ule ukingo wa bati unaozunguka tundu la kioo, ambao mpira huung'ata, pengine umeliwa. Kwetu visiwani si lazima gari ipite ufukweni ndiyo ishike chumvi. Inakuja na hewa, inajificha chini ya mpira, mvua ikinyesha unyevu unaingia na hauna pa kutokea. Gari yaonekana nzima kumbe chini ya mpira kuna unga wa kahawia. Kwa hiyo chukua bisibisi, gonga kidogo kidogo zile kona mbili za chini. Bati likilia *ti, ti*, mshukuru Mungu. Likilia *pu*, simama, ita mchomeleaji. Usije ukafukia kwa fila, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bodi, fila inakunywa maji. Baada ya kuchomelea, msasa, praima ya kuzuia kutu, rangi, na uiache ikauke sawasawa. Rangi mbichi itagandana na mpira.

Sasa siku ya kazi. Anza saa nne za asubuhi, jua limeshaupasha mpira ukawa laini. Waipa umeshazitoa. Tandika godoro lile lile la mtoto, kioo juu yake, visha mpira pande zote. Kisha mkanda, hapo hapo chini, kioo hakijakwenda popote. Tia maji ya sabuni kwenye mfereji wake na uanzie kona, maana kona ndiyo yenye umbo. Ukianzia palipo nyooka, utafika kona na mkanda umezidi au umepungua nusu kidole, utaulazimisha, na ile aluminiamu hailazimishwi. Umeshaona. Vile vipande viwili vya mkanda vikikutana unafunika kwa kibanio chake.

Halafu kamba ya nailoni, unene wa milimita 4 au 5. Si mshipi wa kuvulia, huo utaukata mpira kama wembe. Iingize kwenye mfereji wa nje, utakaong'ata bati, izunguke kioo chote, ncha zipishane chini katikati na kila moja ibaki dhiraa moja. Mkiinue wawili mkiegeshe kwenye tundu, ncha zikiwa ndani ya gari. Mpwa akae nje, wewe ndani (vijana wana haraka). Vuta ncha moja kuelekea kwako, taratibu. Kamba ikitoka inaunyanyua mdomo wa mpira na kuupandisha juu ya bati, utauona ukipanda. Yeye nje anasukuma kwa kiganja pale pale unapovuta. Shibiri moja, mnapumua, shibiri nyengine. Chini kwanza, pembeni, juu mwisho. Pakigoma ongeza maji ya sabuni. Kiganja nimesema, si ngumi. Mie nilipiga ngumi moja tu, kona ya kushoto, nikalipa kioo cha watu.

BintiWaMorris

Mzee kamaliza, naongeza la silikoni tu. Babu yangu alikuwa na Morris Minor ya kioo vipande viwili, zile za kabla ya 1956. Vioo vyake viko bapa, kwa hiyo tulikatiwa hapa hapa mjini, kioo cha tabaka mbili, bila taabu. Kaka yangu akamalizia kwa silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki. Ile siki inakula bati. Tulipofungua tena, ukingo ulikuwa unabanduka kama magamba ya changu.

Mpira mzima uliokaa vyema hauhitaji kitu. Pima kwa maji kwanza, mtu mmoja ndani na tochi. Pakivuja hapo ndipo utafute ile dawa nyeusi ya vioo isiyokauka ikawa ngumu, utie kati ya mpira na bati pale tu panapovuja.

Kikwajuni66

Nimerudi, wiki tatu baadaye.

Mzee wangu, niligonga. Kona ya kulia *ti, ti*. Ya kushoto haikusema *ti* wala *pu*, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Ndani mlikuwa na lami. Baba aliziba kwa lami, hii ya barabara, juu yake akapaka rangi ya maziwa kwa brashi ya kupakia milango. Michirizi ya brashi bado ilikuwapo. Miaka yote ile alikuwa akinambia gari yake haijui kutu. Nilikaa kidogo kabla sijaichimba.

Limechomelewa bati jipya la shibiri moja, praima, rangi, siku nane kukauka. Jumamosi tukavuta kamba. Mara ya kwanza mpira ulichomoka kona ya juu, tukatoa kioo tukaanza upya. Mara ya pili hatukufika nusu saa. Ndoo tatu za maji, mpwa ndani na tochi ya simu: kavu.

Kovu la mkanda unaliona ukijua pa kutazama. Mama kapita, katazama, kasema nyusi moja iko juu kuliko nyengine.

Sasa shida ni moja. Kibanio cha kufunika maungio ya mkanda kilimponyoka mpwa kikatumbukia mtaroni. Mwenye nacho kimoja, hata kilichopauka, anitumie ujumbe. Chake Chake nitakuja mwenyewe.